Nywele za Nilesh na Ukurasa wa Mwisho

Hadithi hii hamtaiamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliyeshuhudia, kuna asubuhi naamka nikijiuliza kama sikuiota. Lakini kumbukeni kwamba mimi niliacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na la kunifunza. Nikisema jambo limetokea, limetokea. Mwenye kubisha akabishane na redio.

Inahusu nywele za mwanaume mmoja, na mwanamke aliyezingoja miaka thelathini na saba bila yeye mwenyewe kujua kwamba ni nywele anazozingoja.

Mwanamke anaitwa Chepngeno. Mwaka wa 2007 alikuwa akiuza vitabu vya mitumba nyuma ya soko la Nakuru, kando ya kibanda cha mshona viatu mmoja hodari na mtanashati ambaye unyenyekevu unanizuia kumtaja. Mwembamba, mrefu, miwani yake imefungwa waya wa stima upande mmoja, na makalio juu ya kreti ya soda tangu saa mbili asubuhi. Alikuwa na kila aina ya kitabu ambacho Mzungu amechoka nacho: Biblia, vitabu vya kupika keki, hadithi za mapenzi zenye wanawake wanaozirai kwenye jalada. Na pembeni, kwenye katoni ya ndizi, alikuwa na vitabu vya vita.

Vijana wa siku hizi hamvijui. Ni vitabu vidogo, vinaingia mfuko wa shati, karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndani ni picha tupu, nyeusi na nyeupe: ndege zinaanguka, vifaru vinapinduka, makapteni wa Kiingereza wamekaza meno, na Mjerumani akipigwa risasi anapiga ukelele mrefu ulioandikwa kwa herufi kubwa. Zamani watoto wa Nakuru tulijifunza Kiingereza humo. Mimi nilijua kusema “jisalimishe” kwa Kiingereza kabla sijajua kuomba maji.

Mteja mkubwa wa katoni ile alikuwa Nilesh, mwenye duka la rangi na misumari barabara ya pili kutoka sokoni. Mtu wa karibu miaka hamsini, tumbo la heshima, na nywele! Jamani, nywele. Nyeusi kuliko lami, zimetiwa mafuta, zina mawimbi yamelala kwa mpangilio kutoka kwa paji mpaka kisogoni. Kila akisimama lazima atoe kitana mfukoni azipitishe. Watu walisema anazipaka rangi ya dukani kwake, ile ya mabati. Mimi sikusema. Mimi nilicheka tu.

Kila Jumamosi alikuja.

“Sasa, mathe.”

“Poa, boss. Karibu.”

“Kuna vita leo?”

“Vita haviishi. Chutama uchague.”

Anachutama, anachambua katoni kama mama anayechagua nyanya. Lakini Jumamosi moja alikuja amekunja uso.

“Mathe, hii ya manowari ulinipatia haina mwisho. Na ile ya marubani pia. Na ya wiki ile ingine. Kwani wewe unauzanga vita zisizoisha?”

“Ni panya, boss,” Chepngeno akasema. “Panya wa Nakuru wanapenda mwisho.”

“Panya gani anakula karatasi moja tu, ya nyuma, tena ameikata straight kama amepima na rula?”

“Panya aliyesoma.”

Nilesh akacheka, akazichana nywele, akanunua vingine. Navyo havikuwa na mwisho. Kila kitabu cha vita kilichoingia katika belo la Chepngeno, kabla hakijaonja jua la katoni, alikigeuza, akashika ukurasa wa mwisho kwa vidole viwili, akauvuta taratibu. Kurasa hizo alizitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akaufunga. Akiwauzia wengine alizirudisha. Nilesh peke yake ndiye aliyeuziwa vita bila ushindi.

Nilimwuliza siku moja, “Huyu Mhindi amekukosea nini?”

“Shona viatu,” akanijibu.

Basi niwaambie alichokuja kuniambia mwaka uliofuata, maana bila hicho mtamwona mwanamke mbaya. Na kweli ni mbaya, lakini ana sababu.

Mwaka wa 1971 Chepngeno alikuwa na miaka kumi, akiishi Bondeni na wazazi wake na nyanya yake, ambaye alimwita kogo kama Wakalenjin wanavyowaita nyanya zao. Huyo kogo alikuwa na mazoea yaliyomkera mtaa mzima: alikataa mlango kufungwa kwa komeo. Bondeni, mahali ambapo hata sufuria ya ugali ilikuwa inaibwa ikiwa bado motoni! Baba yake Chepngeno aligombana naye mpaka akachoka. Sababu ya kogo ilikuwa moja. Mume wake, Kipkirui, alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya Mfalme, akapelekwa Burma, na hakurudi. Haikuja maiti, haikuja simu ya upepo, hakuja mwenzake kusema nilimwona akianguka. Kogo akasema mtu ambaye hajafa atarudi, na akirudi asikute amefungiwa nje kama mbwa. Miaka karibu thelathini mlango ule ulisimama na kiti nyuma yake badala ya komeo.

Sasa, babake Nilesh alikuwa na duka la peremende, daftari na vitabu vya vita. Mzee mzuri yule. Aliwaruhusu watoto wasio na kitu wakae kwenye kibaraza cha simiti, wanawe mikono kwanza kwenye bomba, halafu wasome bure, bora wasitoke na kitabu. Na msimamizi wa kibaraza alikuwa mwanawe Nilesh, miaka kumi na miwili, na nywele zake tayari zina mawimbi.

Nilesh aligundua biashara yake mwenyewe. Alinyofoa ukurasa wa mwisho wa kila kitabu cha kibarazani. Ukisoma ukafika mahali kapteni anazungukwa na maadui, karatasi imekwisha. Ukitaka kujua amepona au la, unakwenda kwa Nilesh. Unampulizia baiskeli upepo. Unamwita Kapteni, unampigia saluti. Ndipo anakusimulia mwisho. Watoto wote walimpigia saluti. Hata mimi, isipokuwa mimi nilipiga ya mkono wa kushoto, ambayo kisheria haihesabiki.

Siku moja Chepngeno alishika kitabu cha Burma. Kulikuwa na mto, mvua, Wajapani ng'ambo, na kapteni mwenye ndevu. Na nyuma ya kapteni, akibeba redio kubwa mgongoni, alikuwepo askari Mwafrika. Mchoraji alikuwa mtu wa macho. Alimchora yule askari na pengo la meno ya chini, na ndewe ya sikio iliyotobolewa ikavutwa, kisha ikakunjwa na kupachikwa juu ya sikio, vile wazee wa Kikalenjin walivyofanya wasinaswe na miti. Kogo alikuwa amemweleza mumewe alivyokuwa mara elfu: pengo, na sikio alilolikunja hivyo siku anapanda lori. Mtoto wa miaka kumi angewaza nini? Alimwona babu yake.

Akasoma mbio. Babu akaingia mtoni na redio. Maji yakafika kifuani, yakafika shingoni. Risasi zikapiga maji pande zote. Akageuza ukurasa, akakuta ni jalada.

Alimpigia Nilesh saluti. Alipuliza gurudumu la mbele na la nyuma. Akauliza, “Kapteni, yule askari wa redio, alivuka?”

Nilesh alikuwa anakula karanga. Akamtazama, akatabasamu.

“Yule? Alizama. Mamba akamla, akabaki sikio.”

Watoto wa kibaraza wakaangua kicheko. Chepngeno alikwenda nyumbani mbio, akaingia jikoni, akamwambia nyanya yake: “Kogo, nimeona kwa kitabu cha Wazungu. Babu alizama mtoni.”

Hapa ndipo nawaambia hamtaamini. Kogo hakujua kusoma. Kwake kitabu kilikuwa ama Biblia ama serikali, na vyote viwili havisemi uongo. Aliuliza tu kama sikio lilikuwa limekunjwa. Mtoto akasema ndiyo. Akauliza pengo. Ndiyo. Mama mzee akaacha kuni zikazima. Kesho yake akaita mwanamke jirani, akanyolewa kichwa chote, kama mjane wa juzi. Jioni akakiondoa kile kiti nyuma ya mlango, akamwambia mwanawe anunue komeo. Tangu siku hiyo hakuketi tena upande unaotazama njia. Mwaka haukwisha, wakamzika.

Chepngeno akakua na jambo hilo tumboni kama mfupa wa samaki. Mwanzoni alimlilia babu, kisha alipopata akili akaelewa kwamba lile lilikuwa picha, mchoro wa Mzungu fulani ambaye hata Njoro haijui. Kuelewa huko hakukumsaidia. Maana kogo hakunyolewa kwa mchoro. Alinyolewa kwa neno la mtoto aliyekuwa anatafuna karanga. Na kitabu chenyewe hakukiona tena. Tangu aanze biashara ya mitumba alifungua kila belo akikitafuta, ajue kama kweli yule askari alizama, au Nilesh alijitungia.

Na Nilesh, aliporudi kutoka masomoni Uingereza, akaoa, akarithi duka akaligeuza la rangi na misumari, akachutama mbele ya katoni ya ndizi, hakumkumbuka. Alimwita mathe, kama mama yeyote wa sokoni. Hilo ndilo lililomuuma Chepngeno zaidi ya lote.

Basi ukaja ule mwezi wa Januari 2008, wa ghasia za uchaguzi, ambao sitauelezea, mlikuwepo. Vibanda vya nyuma ya soko vilichomwa. Changu kilichomwa, viatu vya watu mia vikaungua, na mpaka leo kuna watu wanaonidai kiatu cha kulia. Chepngeno alikuwa Free Area nyumbani kwake wakati watu walipoanza kukimbia. Majirani walibeba godoro, walibeba televisheni, mmoja alibeba mlango. Chepngeno alibeba mkebe wa kurasa za mwisho. Alikaa nao mapajani kanisani siku zote tulizolala pale, akiulizwa ni unga anasema ni unga.

Mambo yalipotulia tukarudi tukakuta majivu. Na nani alikuja wa kwanza? Nilesh. Duka lake lilikuwa limevunjwa vioo, lakini alisimama na mfanyakazi wake na mkokoteni wa mabati, misumari na rangi ya kijani.

“Pole, mathe. Pole, mzee. Jengeni. Hii si deni, ni yenu.”

Mimi machozi yalinilenga, nasema ukweli. Nikamgeukia Chepngeno jioni tukipigilia misumari. Wakati huo mji mzima ulikuwa unahubiriwa msamaha: makanisani, kwenye vipaza sauti, mpaka kwenye mifuko ya unga. Nikamwambia, “Sasa huyu utamsamehe.”

“Waliochoma kibanda nimewasamehe,” akasema, msumari mdomoni. “Siwajui sura. Nilesh namjua sura.”

“Amekupa mabati!”

“Nimepokea. Nyanya yangu hakuwa bati.”

Na Jumamosi iliyofuata akamwuzia vita vya jangwani visivyo na mwisho.

Ilikuwa mwezi wa nane mambo yalipoharibika. Nilesh alikuja akiwa anang'aa uso, amekumbatia kitu kama tofali lililofungwa kwa karatasi. Binti yake Shital, anayesoma Uingereza, alikuwa amekuja likizo na zawadi. Kumbe wachapishaji huko wamekusanya zile hadithi za zamani, wakazichapa upya, nyingi pamoja, ndani ya kitabu kimoja kinene, karatasi nyeupe, jalada gumu.

“Mathe! Sasa sina shida na panya zako. Zote ziko hapa. Manowari, marubani, yote! Na mwisho wake!”

Nilimwona Chepngeno akifa kidogo. Kisasi cha Jumamosi nyingi hivyo, kimechapwa upya na kumaliziwa Uingereza.

“Ziko za Burma?” akauliza.

“Ziko, mingi. Angalia. Lakini mathe,” Nilesh akaurudisha mkono wake nyuma kidogo, akitabasamu, “mikono kwanza.”

Hakukusudia ubaya. Lilikuwa neno la marehemu babake, lilimtoka tu kwa sababu kitabu kilikuwa kipya na Chepngeno alikuwa ameshika mavumbi asubuhi nzima. Lakini ningekuwa yeye ningekula hilo neno kwa pilipili. Chepngeno aliinuka, akaenda kwenye bomba la soko, akanawa mikono, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mbele ya wauza sukuma wiki wote. Akarudi akaipangusa kwa leso. Akaketi. Akafungua.

Alikipata. Mto, mvua, kapteni mwenye ndevu, askari wa redio na sikio lake. Akasoma polepole safari hii. Maji kifuani. Maji shingoni. Risasi. Alipofika pale palipokuwa na jalada mwaka ule, alisimamisha kidole juu ya karatasi muda mrefu kiasi kwamba Nilesh akatoa kitana chake akazichana. Kisha akageuza.

Kapteni yuko ng'ambo, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati, anapongezwa na mkubwa wake. Maneno yote ni yake. Lakini nyuma, padogo kama ukucha wa kidole gumba, kuna mtu ameketi juu ya redio. Amevua soksi, anaikamua maji. Anacheka, na pengo linaonekana. Na sikio limekunjwa.

Chepngeno alifunga kitabu kwa mikono miwili.

“Asante, boss. Ni kizuri.”

“Si nilikuambia? Lakini wameacha moja,” Nilesh akasema akikipokea. “Ile ya Kifaru Nambari Kumi na Tatu. Babangu aliniletea hiyo siku nimetimiza miaka kumi, akaandika jina langu ndani, sijui nani alikuja kuihamisha kwetu. Na yenye uliniuzia panya walikuwa wamekula mwisho. Hiyo moja tu, mathe, na moyo wangu utulie.”

“Pengine panya aliitema,” Chepngeno akasema. “Nitaangalia.”

Nilesh alipoondoka, Chepngeno alinigeukia. Hapo ndipo aliponieleza yote, kibaraza, kogo, komeo, maneno yakitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Akamalizia: “Hakuzama. Alikuwa anakamua soksi. Alikuwa anacheka, na kogo akanyolewa.”

“Ni picha, mama.”

“Najua ni picha! Kogo hakujua.” Akaufungua mkebe, akachambua, akatoa karatasi moja, akaitazama. Kifaru kimepaki jangwani wakati wa machweo, askari wanapeana mikono. Akaikunja akaiingiza ndani ya leso. “Huyu mtu,” akasema, “anapenda nini kuliko vitu vyote?”

Nikaonyesha kichwa changu, hapo ambapo mimi mwenyewe nina uwanja wa ndege.

Jumamosi iliyofuata alimwonyesha Nilesh karatasi ile kwa mbali, nyuma yake tu, ndani ya mfuko wa nailoni. Nilesh akaitambua kwa namba ya ukurasa.

“Sema bei, mathe. Wewe sema tu.”

“Sitaki pesa. Nataka unyoe.”

“Ninyoe nini?”

“Kichwa. Chote. Kwa Kipketer kinyozi, hapo mbele, nikitazama.”

Nilesh akacheka mpaka akaona hakuna anayecheka naye. Mkono ukapanda wenyewe kichwani. “Mathe, wacha mchezo. Kwetu mtu hanyoi hivyo mpaka afiwe na baba au mama.”

“Na kwetu pia hunyoa wenye msiba.”

“Watu watasema mama yangu amekufa!”

“Utawaambia hajakufa.”

Akaondoka amekasirika. Akarudi Jumatatu na shilingi, akarudishwa nazo. Akarudi Jumatano na balbu na ndoo ya rangi. Alhamisi alinijia mimi, akaninong'oneza kama ninaweza kuiiba ile karatasi. Nilimwambia mimi ni mwanaume wa heshima, halafu nikajaribu, na Chepngeno akanipiga mkono kwa kitabu cha kupika keki. Ijumaa Nilesh alipita akiwa amevaa kofia ya kriketi, akijitazama kwenye vioo vya magari yaliyosimama. Nikajua samaki ameshika ndoano. Alikuwa anapima kama kofia itaficha.

Jumamosi, saa nne, aliketi kwenye kiti cha Kipketer.

Kipketer ni kinyozi wa miaka mingi, lakini mashine ilipogusa paji lile alifumba macho kidogo. Mawimbi yalianguka moja moja, yakalala kwenye shuka kama paka weusi. Chepngeno alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, hakupepesa. Alikuwa akimtazama mtu mwingine kabisa, mama mzee jikoni Bondeni, na jirani ameshika wembe.

Ilipokwisha, kichwa cha Nilesh kilikuwa cheupe, kidogo, na kina kovu ambalo hakuna aliyejua lipo. Alionekana mtoto. Akajipapasa, akajitazama kwenye kioo. Kisha akanyoosha mkono.

“Haya, mathe. Nimenyoa. Nipe mwisho.”

Chepngeno akainuka.

“Alizama,” akasema.

“Nani?”

“Dereva wa kifaru. Mamba akamla, akabaki sikio.”

“Jangwani? Mamba gani jangwa…” Na hapo sauti ikamkatikia. Niliona kwa macho yangu likimfikia. Lilipita kwanza kwenye paji, likashuka mashavuni. Akamtazama yule mathe wa Jumamosi, miwani ya waya, akamwondolea miaka yote mpaka akabaki msichana anayepuliza baiskeli. “Wewe ulikuwa pale kibarazani,” akasema polepole. “Wa Bondeni.”

Chepngeno akamwambia. Hakupiga kelele. Alimwambia habari za mlango, za kiti, za komeo, na za nywele nyeupe za mama mzee zilizofagiliwa pamoja na majivu ya jiko. Kipketer alizima mashine ili asikie vizuri, mjinga yule.

“Nilikuwa mtoto,” Nilesh akasema mwishowe.

“Na mimi nilikuwa nani?”

Nilesh alikaa kwenye kiti na shuka shingoni. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, na hapo nilimwonea huruma, “Na karatasi?”

“Panya,” Chepngeno akasema, akatoka.

Mnadhani kisasi kiliishia pale? Nilesh alivaa kofia yake ya kriketi, akapita uchochoroni kwenda dukani. Sasa, jirani yake wa duka la vitambaa anaitwa Vipul, mtu wa mizaha asiyeweza kuona kofia kichwani mwa rafiki akaiacha. Akamrukia nyuma, akaivuta. Akaona kipara. Mzaha ukamfia mkononi. Alirudi nyuma, macho yakamjaa, akamkumbatia Nilesh kwa nguvu.

“Bhai, ndugu yangu! Lini? Kwa nini hukupiga simu? Mama yetu!”

Na Nilesh angesema nini? Kwamba mama mzima, yeye amenyoa kwa sababu ya karatasi ya kifaru, halafu hakupewa? Alifungua mdomo, akaufunga. Vipul akachukulia kwamba ni uchungu. Akashusha shata la duka lake kwa heshima ya marehemu. Mwenye duka la sufuria, kuona Vipul amefunga, akafunga. Wa saa akafunga. Wa baiskeli akafunga bila kujua ni nani amekufa. Mtaa mzima ukawa mashata chini mchana kweupe, na wapita njia wakaanza kuharakisha wakidhani yale ya Januari yamerudi.

Nyumbani, Kantaben, mamake Nilesh, miaka themanini na ulimi mkali kama msumeno, alikuwa amekaa verandani akichovya mkate mkavu kwenye chai. Geti likafunguliwa, wakaingia wanawake wamevaa nyeupe ya msiba wakilia.

“Nani amekufa?” Kantaben akauliza akiinuka kwa wasiwasi.

Wakamtazama. Wakatazamana.

“Wewe,” mmoja akasema.

Nilesh alipofika, ameshika kofia mkononi, mama alimtazama kichwa, akaelewa nusu, na hiyo nusu ilimtosha. Akavua champali yake ya mguuni. Walinieleza kwamba mlio wa champali ile kwenye kipara kipya ulisikika mpaka ziwani, heroe wote wakaruka kwa pamoja mbingu ikawa ya waridi, na rambirambi ziliendelea kumiminika hata baada ya hapo, maana habari ilikuwa imeshatoka mjini: magari yalijipanga kutoka getini kwa Kantaben, yakashika barabara ya Nairobi, yakapita Free Area, yakapita Gilgil, la mwisho likaegeshwa Longonot kwa kukosa nafasi, nalo lilikuwa limebeba bendi ya tarumbeta na ngamia wawili wa Kantaben wa—

“Ngamia?” Chepngeno yuko nyuma ya bega langu, anasoma ninayoandika, miwani imeteremka puani. “Mzee, ngamia wa nani? Futa. Futa na magari. Alikuja Vipul na wanawake wachache wa mtaani, basi. Na aliyelia kwa sauti kuliko wote pale getini nilikuwa mimi, nikimlilia kogo.”